Volti, Ampea na Wati: Hesabu Fupi Inayolinda Nyumba na Mfuko

Saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya pilikapilika. Chai haijachemka, sare za shule hazijapigwa pasi, na uji wa mtoto mdogo unasubiri jiko. Chumba kina soketi moja ukutani, na katika soketi hiyo imechomekwa ekstensheni yenye matundu manne. Birika la umeme limechukua tundu la kwanza, pasi la pili, jiko la umeme la tatu, na la nne limeachiwa chaja ya simu. Vyote vinafanya kazi. Hakuna kilichokatika wala kilicholipuka, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba huamini kwamba mambo ni shwari. Lakini atakayeugusa waya wa ekstensheni hiyo ataukuta una joto.

Joto hilo ni dalili inayostahili kuchukuliwa kwa uzito. Nyumba nyingi katika kata zilizofikiwa na umeme vijijini zilitandazwa nyaya kwa kuzingatia taa chache, redio na luninga. Nyingine zinatumia kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye soketi na swichi zake pamoja. Sasa matumizi yanabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Majiko ya umeme yanaingia katika nyumba ambazo nyaya zake hazikuandaliwa kuyabeba. Kwa hiyo kila mkazi anahitaji kufahamu hesabu moja fupi, isiyozidi kuzidisha na kugawanya, itakayomwambia kama waya wake unaweza kazi anayoupa.

Vipimo vinne na maana yake

Tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara husukuma maji kwa nguvu kuliko tangi lililowekwa chini. Msukumo wa namna hiyo katika umeme huitwa volteji, nao hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yanayopita bombani kwa kila sekunde hufanana na mkondo wa umeme, ambao hupimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba, pamoja na kutu iliyomo ndani yake, huyazuia maji yasipite kwa urahisi. Kizuizi kama hicho katika waya huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Kazi inayofanyika kwa kila sekunde, iwe ni kuchemsha maji, kuzungusha feni au kuangaza chumba, hutokana na nguvu ya umeme, nayo hupimwa kwa wati.

Majina hayo ni kumbukumbu ya wataalamu wa zamani: Alessandro Volta wa Italia, André-Marie Ampère wa Ufaransa, Georg Simon Ohm wa Ujerumani na James Watt wa Uskoti. Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne alipofanya majaribio yake, na mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mkondo katika waya huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri ukinzani unavyokuwa mkubwa. Fundi anayepima soketi leo anatumia kanuni hiyo hiyo.

Umeme unaofika katika nyumba za kawaida nchini Tanzania ni wa volti 230. Tarakimu hiyo ndiyo msingi wa mahesabu yote yanayofuata.

Kanuni mbili

Anayezijua volti na ampea anaweza kupata mambo mawili:

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea

Nguvu (wati) = volti × ampea

Tuseme fundi amepima pasi inayofanya kazi, akakuta volti 230 na mkondo wa ampea 5. Ukinzani wa pasi hiyo ni 230 ÷ 5, yaani omu 46. Nguvu yake ni 230 × 5, yaani wati 1,150. Vipimo viwili vimetoa majibu mawili, na pasi haikuhitaji kufunguliwa.

Mkazi asiye na kifaa cha kupimia anaweza kuanzia upande mwingine. Karibu kila chombo cha umeme kina kibandiko au kibao kidogo, nyuma au chini yake, kinachoonyesha volti na wati, na mara nyingine ampea. Pale ambapo wati zimeandikwa, ampea hupatikana kwa kugawanya:

Ampea = wati ÷ volti

Birika lililoandikwa wati 2,000 huvuta 2,000 ÷ 230, yaani ampea 8.7. Ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, takriban omu 26. Balbu ya zamani ya wati 60 huvuta ampea 0.26 tu, na inapowaka ukinzani wake unakaribia omu 880. Hapa pana jambo linalowakanganya wengi. Hudhaniwa kwamba chombo chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachotumia umeme mwingi, ilhali kwa msukumo ule ule wa volti 230 ukweli ni kinyume chake. Ukinzani mdogo hufungua njia, mkondo mkubwa hupita, na wati huongezeka.

Hesabu hii inafaa zaidi kwa vyombo vinavyotoa joto, kama vile pasi, birika, jiko na hita ya maji. Vyombo vyenye mota, kama vile jokofu, pampu na mashine ya kusaga, kwa kawaida huvuta ampea nyingi zaidi ya zile zinazopatikana kwa kugawanya, na mota inapoanza kuzunguka mkondo wake hupanda mara kadhaa kwa muda mfupi. Kwa vyombo hivyo ni vyema kufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibao chenyewe.

Asubuhi ile katika tarakimu

Turudi kwenye ekstensheni yenye matundu manne. Birika ni la wati 2,000, pasi ni ya wati 1,200 na jiko ni la wati 1,000. Chaja ya simu ni ndogo kiasi cha kuweza kuachwa nje ya hesabu. Jumla ni wati 4,200. Zikigawanywa kwa 230 zinatoa ampea 18.3.

Plagi yenye miguu mitatu inayotumika nchini hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Ampea 13 zikizidishwa kwa volti 230 zinatoa wati 2,990. Huo ndio mwisho wa kazi inayopaswa kupita katika plagi moja, hata kama ekstensheni ina matundu manne, sita au kumi. Kuongeza matundu hakuongezi uwezo wa waya. Ekstensheni nyingine zimeandikwa ampea 10 tu, na kwa hizo mwisho ni wati 2,300.

Nyumba hiyo, basi, imepita kiwango kwa zaidi ya ampea 5. Swali linalofuata ni la haki kabisa: mbona fyuzi haikukatika?

Fyuzi hukatika kwa sababu mkondo huupasha joto uzi mwembamba uliomo ndani yake mpaka ukayeyuka. Mkondo ukizidi sana, kama inavyotokea nyaya mbili zinapogusana, uzi huyeyuka mara moja. Mkondo ukizidi kidogo, uzi hupata moto bila kufikia kiwango cha kuyeyuka. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 18 kwa muda mrefu bila kukatika. Katika muda huo waya, plagi na soketi vinaendelea kupata moto. Anayesubiri fyuzi imwambie kwamba amezidisha anaweza asiambiwe kamwe.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo fyuzi iliyokatika imebadilishwa kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Hapo kinga imeondolewa kabisa, na sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme itakuwa waya uliopita chini ya zulia, nyuma ya kitanda au juu ya dari.

Joto la waya hukua kwa kasi

Waya wenyewe una ukinzani. Ni mdogo, lakini upo, na huongezeka waya unapokuwa mrefu au mwembamba. Ekstensheni ya mita 10 yenye nyaya za shaba za unene wa milimita za mraba 0.75 ina ukinzani wa takriban omu 0.46, ukihesabu kwenda na kurudi. Kiasi hicho kinaonekana kuwa si kitu. Joto linalozalishwa ndani ya waya, hata hivyo, hupatikana kwa kanuni hii:

Wati za joto = ampea × ampea × omu

Ampea zimezidishwa kwa ampea, na hapo ndipo hatari ilipo. Birika likitumika peke yake, mkondo ni ampea 8.7, na joto linaloenea katika waya mzima ni takriban wati 35. Vyombo vyote vitatu vikitumika pamoja, mkondo ni ampea 18.3, na joto ni takriban wati 154. Mkondo umezidi kidogo mara mbili, lakini joto limezidi mara nne. James Prescott Joule wa Uingereza ndiye aliyethibitisha uhusiano huo kwa majaribio katika miaka ya 1840.

Waya ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika hewani. Ukiwa umeviringishwa kama kamba ya kisimani au umefunikwa na zulia, joto hukosa pa kwenda, plastiki hulainika, na nyaya za ndani zinaweza kugusana. Ndiyo maana mafundi husisitiza kwamba ekstensheni inyooshwe yote kabla ya kutumika kwa chombo kikubwa.

Kiungo kilicholegea

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji kuzidisha vyombo. Plagi iliyochakaa, skrubu iliyolegea ndani ya soketi, au nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu huongeza ukinzani mahali padogo sana. Tuseme kiungo kibovu kina nusu omu tu, na birika la wati 2,000 limechomekwa peke yake. Takriban wati 37 za joto zitazaliwa katika sehemu isiyozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Hiyo ni nguvu sawa na ya chombo anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi.

Fyuzi haiwezi kuiona hitilafu hiyo, wala swichi kuu inayojikata yenyewe, kwa kuwa mkondo haujazidi. Jicho, pua na kiganja cha mwenye nyumba ndivyo vitakavyoiona: plagi iliyobadilika rangi ikawa ya njano au nyeusi, harufu ya plastiki inayoungua, mlio mdogo wa kutatarika, taa inayopepesa kila chombo kikubwa kinapowashwa, au plagi inayochoma mkono inapochomolewa. Dalili yoyote kati ya hizo inatosha kuacha kutumia soketi hiyo mpaka fundi aitazame.

Umeme unapokuwa hafifu

Ukinzani wa waya hupunguza pia msukumo unaofika mwisho wa safari. Katika mfano wa ekstensheni, ampea 18.3 zikizidishwa kwa omu 0.46 zinatoa volti 8.4 zinazopotea njiani. Nyumba iliyo mbali na transfoma, hasa saa za jioni ambapo majirani wote wanatumia umeme, inaweza kupata volti pungufu zaidi kwa sababu iyo hiyo.

Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, birika la omu 26.4 litavuta ampea 7.6 na kutoa wati 1,515 badala ya 2,000. Maji yatachelewa kuchemka, na madhara yataishia hapo. Mota haina bahati hiyo. Mota yenye mzigo ule ule hujaribu kufidia upungufu wa volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, na kama ilivyoonekana, ampea zikiongezeka joto hukua kwa kasi. Ndiyo maana majokofu na pampu huungua katika vipindi vya umeme hafifu. Inashauriwa kuvizima vyombo vya mota taa zinapofifia isivyo kawaida, na kutoa taarifa TANESCO pale hali inapojirudia.

Uniti ni hesabu nyingine

Wakazi wengi huipima hatari ya chombo kwa jinsi kinavyomaliza LUKU. Hayo ni mambo mawili tofauti. Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja, na hesabu yake ni hii:

Uniti = wati × saa ÷ 1,000

Birika la wati 2,000 likichemsha maji mara tatu kwa siku, dakika 6 kila mara, litakuwa limetumika kwa dakika 18, yaani saa 0.3. Matumizi yake ni uniti 0.6. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiachwa ikiwaka barazani kwa saa 12 hutumia uniti 0.72. Kwa siku 30, birika hutumia uniti 18 na balbu uniti 21.6. Balbu ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, hutumia uniti 3.24 tu kwa siku 30.

Balbu ya barazani, ambayo hakuna anayeiogopa, imemaliza uniti nyingi kuliko birika. Birika nalo, ambalo limetumia uniti chache, ndilo linaloutwisha waya mzigo mkubwa. LUKU huhesabu kazi iliyofanyika kwa muda wote, ilhali waya huhisi mkondo unaopita wakati huo huo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuokoa fedha aangalie wati pamoja na saa, na anayetaka kuilinda nyumba yake aangalie ampea zinazopita kwa pamoja.

Anayetaka kujua gharama kwa shilingi achukue risiti yake ya LUKU, atoe kodi ya majengo iliyokatwa, kisha agawanye kiasi kilichobaki kwa uniti alizopewa. Jibu ndiyo bei halisi anayolipa kwa uniti moja.

Jinsi ya kuipanga asubuhi

Familia ya mfano wetu haihitaji kununua chochote ili iwe salama. Birika likitangulia peke yake, mkondo ni ampea 8.7. Chai ikishachemka na birika likachomolewa, pasi na jiko vinaweza kutumika pamoja: wati 2,200, yaani ampea 9.6. Mikondo yote miwili iko chini ya ampea 10. Uniti zitakazotumika ni zile zile, chai itanyweka, sare zitanyooka na uji utaiva. Kilichobadilika ni mpangilio, pamoja na dakika chache za kuamka mapema.

Hesabu hiyo inawahusu pia wafanyabiashara wa fremu zinazogawana mita moja. Saluni, banda la chipsi na duka lenye jokofu vinaweza kuwa kila kimoja ndani ya kiwango, lakini jumla yake ikauzidi uwezo wa waya mkuu unaovilisha vyote. Wapangaji wajumlishe ampea zao kwa pamoja kabla ya kuongeza chombo kipya.

Mambo ya kuzingatia

1. Kusoma kibandiko cha kila chombo na kuandika wati zake kwenye karatasi, kisha kuzigawanya kwa 230 ili kupata ampea.

2. Kujumlisha ampea za vyombo vyote vinavyotumia ekstensheni moja kwa wakati mmoja, na kuhakikisha hazizidi kiwango kilichoandikwa juu yake. Ekstensheni isichomekwe ndani ya ekstensheni nyingine.

3. Jiko kubwa la umeme na hita ya kuogea kuwekewa waya wake maalumu kutoka kwenye swichi kuu, uliochaguliwa na fundi kwa kuzingatia ampea zake.

4. Kubadilisha fyuzi kwa fyuzi yenye kiwango kinachofaa chombo husika. Kipande cha waya si fyuzi.

5. Kutofungua soketi wala kupima umeme bila utaalamu. Kazi ya nyaya za ndani ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

6. Moto wa umeme ukitokea, kuzima swichi kuu iwapo inafikika kwa usalama, kutomwaga maji juu ya vyombo vyenye umeme, kuwatoa watu nje na kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba hiyo haitozwi.

Wanafunzi wa sekondari hujifunza kanuni hizi darasani katika somo la fizikia. Mzazi aliyeachana na hesabu siku nyingi anaweza kumkabidhi mwanawe karatasi yenye wati za vyombo vya nyumbani, akamwomba ampatie ampea. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na mwishoni mwake familia nzima itajua ni vyombo vipi visiwashwe kwa pamoja. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, karibu na soketi, mahali ambapo kila anayeamka saa kumi na mbili ataiona kabla ya kuchomeka plagi.